Hula: ngoma inayofuata maneno

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga. Nimeona kwenye simu video za ngoma ya Hawaii, akina dada wamevaa sketi za majani, wanapinda mikono polepole. Mwenzangu mmoja anasema kila mkono unasimulia hadithi ya miungu yao; mwingine anasema hayo ni maonyesho ya watalii tu. Nani yuko sahihi? Na kama watu hao hawakuwa na maandishi, hadithi zao ndefu zilifikaje mpaka leo? Nataka wanafunzi wangu waicheze siku ya utamaduni. Je, ni sawa?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Mwenzako wa kwanza yuko karibu zaidi na ukweli, ila namsahihisha jambo moja: hadithi haisimuliwi na mikono. Inasimuliwa na maneno yanayoghaniwa, na mikono inayafuata. Ukiondoa sauti kwenye video ile, umeondoa hula yenyewe.

Wahawaii huliita shairi mele. Likighaniwa peke yake, bila kuchezwa, ni oli. Likichezwa, ndiyo hula. Kwa hiyo hakuna hula isiyo na shairi, na mwalimu wa hula, kumu hula, hapimwi kwa wepesi wa kiuno bali kwa mashairi aliyoyabeba kichwani na kwa jinsi anavyoyaelewa. Katika hula ya kale kazi imegawanywa. Yuko hoʻopaʻa, mghani, aliyeketi na ala yake, na wako ʻōlapa, wachezaji, walio mbele ya watazamaji.

Mtazame huyo mghani. Amepiga magoti, mbele yake ana ipu heke, vibuyu viwili vilivyoungwa kimoja juu ya kingine. Anakigonga chini kwenye mto mdogo, kinatoa mlio mzito ambao wenyewe huuita ū. Kisha anapiga ubavu wa kibuyu kwa vidole, unatoka mlio mkavu, tē. Juu ya milio hiyo miwili anaghani, na nchi yote ya shairi inajengwa hapo. Wachezaji wamekunja magoti, miguu inakwenda na mapigo, kifua kimetulia. Ubeti ukikaribia kwisha, mchezaji mmoja anapaza sauti na kutamka maneno ya kwanza ya ubeti unaofuata, ili mghani na kundi zima waingie pamoja. Mwishoni hutajwa jina la mwenye shairi: mungu, chifu, au mtoto aliyetungiwa alipozaliwa.

Mikono nayo huchagua. Haitafsiri kila neno. Katika kila mstari inashika taswira moja, mvua au ua au wimbi, na mengine inayaacha masikioni. Asiyejua lugha ataona mvua. Ajuaye atasikia ni mvua ipi, kwa sababu Wahawaii walizipa majina mvua na pepo za kila bonde: Kanilehua ni mvua ya mji wa Hilo, Tuahine ni ya Mānoa. Kutaja mvua ni kutaja mahali, na kutaja mahali mara nyingi ni kumtaja mtu bila kumtaja. Kuna tabaka la chini ambalo wao huliita kaona: ua likawa mpenzi, safari ya baharini ikawa mapenzi yenyewe. Wewe uliyekulia pwani unayajua mafumbo ya mashairi yetu, kwa hiyo sina haja ya kukueleza zaidi kwa nini mtu anaweza kuusikia wimbo mmoja miaka mingi na bado akagundua jambo jipya ndani yake.

Sasa nije kwenye miungu, maana hapo ndipo mwenzako wa kwanza alipogusa. Hula ina mungu wake, Laka, na kwenye nyumba za mafunzo za zamani alijengewa madhabahu, kuahu, iliyopambwa kwa majani ya msituni, maile na ʻieʻie na maua ya lehua. Visiwa kadhaa vinadai kuwa ndiko hula ilikoanzia. Watu wa Molokaʻi wanakuonyesha kilima cha Kaʻana. Watu wa Puna, kwenye kisiwa kikubwa, watakuambia ilianza kwao, ufukweni, pale msichana aitwaye Hōpoe alipocheza, naye Hiʻiaka, mdogo wake Pele mungu wa volkano, akajifunza kwake. Mimi hiyo ya Puna ndiyo ninayoipenda, kwa sababu imeshikana na kisasili kikubwa kuliko vyote vya Hawaii, na ningependa nikisimulie kwa kirefu kidogo.

Pele, mungu wa volkano, alitoka Kahiki, nchi ya mbali ng'ambo ya bahari, akaja na ndugu zake kwa mtumbwi. Mdogo wake wa mwisho, Hiʻiaka, alikuwa bado yai, na Pele alimbeba kwapani ili asipoe. Alipofika visiwani alianza kuchimba shimo la moto wake upande wa kaskazini magharibi, akahamia kisiwa baada ya kisiwa kuelekea kusini mashariki, na kila alipochimba dada yake wa baharini, Nāmakaokahaʻi, alimfuata na maji akauzima moto. Akatulia Kīlauea, volkano ya kisiwa kikubwa, kwenye kreta, yaani shimo la volkano, ya Halemaʻumaʻu. (Wanajiolojia wakipima miamba wanakuta mpangilio uleule: Kauaʻi ina umri wa miaka kama milioni tano, na kisiwa kikubwa cha Hawaii, chenye volkano hai, hakijafika hata milioni moja. Waliotunga simulizi hili walikuwa wameitazama ardhi yao kwa makini.)

Siku moja Pele alilala, roho yake ikasikia ngoma kwa mbali, ikazifuata mpaka Hāʻena, Kauaʻi. Hapo akampenda chifu kijana, Lohiʻau. Alipoamka aliwaomba ndugu zake wamfuatie mpenzi wake. Wote wakaogopa, ila Hiʻiaka. Hiʻiaka akakubali kwa sharti moja: Pele amtunzie msitu wake wa lehua na rafiki yake Hōpoe. Pele naye akaweka yake: asichelewe, na asimkumbatie Lohiʻau.

Safari hiyo ndiyo mwili wa simulizi. Hiʻiaka anavuka visiwa na mwenzake Wahineʻōmaʻo, anapigana na mijusi mikubwa yenye nguvu za kimizimu, na kila anapopita anaghani: kuomba kuvushwa mto, kusalimu mlima, kulaani wachoyo. Anamkuta Lohiʻau amekwisha kufa kwa huzuni, anairudisha roho yake mwilini kwa sala. Muda unapita. Akiwa Oʻahu njiani kurudi, juu ya Pōhākea, anatazama ng'ambo ya bahari na kuona moshi. Pele amechoka kungoja. Msitu wa lehua unaungua, na Hōpoe amegeuzwa jiwe. Hiʻiaka hakugeuka nyuma wala hakukimbia. Alimfikisha Lohiʻau mpaka ukingoni mwa kreta, na hapo, dada yake akiona, akamkumbatia. Pele akamzamisha Lohiʻau kwenye lava. Hiʻiaka akaanza kuchimba kumtafuta, mawe yakiruka, tabaka baada ya tabaka, mpaka akaonywa aache, kwani akifika chini zaidi maji yatapanda na kuuzima moto wa Kīlauea.

Hapa ndipo nataka ukae kidogo, kwa sababu hapa liko jibu la swali lako la pili. Mwanasayansi wa volkano Don Swanson, aliyefanya kazi miaka mingi Kīlauea, aliandika mwaka 2008 kwamba kisa hiki kinakumbuka matukio halisi. Katika karne ya 15 lava ilimwagika kwa miongo kama sita mfululizo na kufunika sehemu kubwa ya Puna: huo ni msitu wa Hiʻiaka. Baadaye, kwenye mwaka 1500 hivi, kilele cha volkano kilididimia na kufanya bonde kubwa la duara: hayo ni machimbo ya Hiʻiaka. Kabla ya hapo wanajiolojia wengi walidhani bonde lile ni la mwaka 1790. Wazee waliokuwa wakighani walishaupanga mfuatano huo karne kadhaa mapema. Na maji? Baada ya mlipuko wa 2018, uliokula nyumba zaidi ya 700 huko Puna, sakafu ya Halemaʻumaʻu ilizama sana, na mwaka 2019 maji yakaanza kujikusanya chini yake. Ziwa hilo lilikuwepo mpaka Desemba 2020, lava ilipotoka tena na kulichemsha lote. Nilipozisoma habari hizo nilirudi kwenye lile onyo kwa Hiʻiaka na kulisoma upya.

Sasa, kitu kama hicho kinakaaje kwenye kumbukumbu miaka mia nne bila herufi moja? Watu wakisema "hadithi za mdomo" wanafikiria maneno yanayopeperuka, kila msimulizi akiongeza chumvi yake. Wahawaii walikuwa nazo hizo pia, ngano za jioni. Lakini mele ilikuwa jambo jingine. Mwanafunzi wa hula aliishi chini ya miiko: kuna vyakula asile, usafi wa kutunza, wakati wa kujitenga. Alijifunza kwa kusikiliza na kurudia, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, na kukosea mbele ya watu kulihesabiwa kuwa dalili mbaya kabisa, si aibu tu. Mwisho alihitimu kwa sherehe, ʻūniki, na tangu hapo alitajwa pamoja na mwalimu wake na mwalimu wa mwalimu wake. Shairi likiwa limefungwa kwenye pumzi, mapigo, hatua za miguu, majina ya mahali na ukoo wa walimu, neno moja likichomoka kila kitu kinayumba na wajuzi wanagundua papo hapo.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Kumulipo, ghani la nasaba lenye mistari zaidi ya 2,000, lililogawanyika katika sehemu 16. Lilikuwa mali ya familia ya machifu. Linaanzia kwenye giza, Pō, na kiumbe cha kwanza kuzaliwa ni matumbawe. Kisha wanafuata viumbe wa pwani ambao watoto wako wa Tanga wanawajua: viti vya pweza, majongoo ya bahari, chaza, kome. Halafu samaki, ndege, watambaao, nguruwe, panya, mbwa na popo. Ndani yake kuna pacha za mimea, mmea wa baharini ukilindwa na mmea wa nchi kavu, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio unaomsaidia mghani asipotee. Sehemu saba za kwanza zote ni usiku. Kwenye ya nane tu ndipo kunakucha na watu wanazaliwa. Baada ya hapo ni majina, mume na mke, mume na mke, mpaka kwa mtoto wa kichifu aliyetungiwa. Maana yake ni kwamba chifu anapotajiwa ukoo wake, ukoo huo unaanzia kwenye tumbawe. Katika masimulizi mengine yao majimbi ndiyo kaka mkubwa wa binadamu: mtoto wa kwanza alizaliwa bila uhai, akazikwa, jimbi likaota juu ya kaburi lake, na mdogo wake, Hāloa, ndiye babu wa watu. Ukimlima kaka yako shambani, huwezi kumtupa ovyo.

Mfalme Kalākaua alilichapisha Kumulipo mwaka 1889. Dada yake, Malkia Liliʻuokalani, alilitafsiri kwa Kiingereza, kazi aliyoianza mwaka 1895 akiwa amefungwa ndani ya kasri lake mwenyewe baada ya kupinduliwa, na tafsiri hiyo ikatoka 1897. Fikiria malkia aliyenyang'anywa nchi, ameketi chumbani chini ya ulinzi, anaandika kwa lugha ya waliompindua kwamba ukoo wake unaanzia mwanzo wa dunia. Sijui ushahidi gani mwingine angeweza kuuandaa ulio mzito kuliko huo.

Njia ya kufika hapo haikuwa rahisi. Wamisionari kutoka Marekani walifika 1820, na mwaka 1830 Kaʻahumanu, malkia mwenye nguvu aliyekuwa amebatizwa, alipiga marufuku hula hadharani. Wamisionari walikerwa na uchi, na zaidi walikerwa na nyimbo za kusifu uzazi wa machifu, ambazo kwa Wahawaii zilikuwa heshima kwa ukoo. Baadaye serikali ikaweka leseni za kulipiwa. Hula ikahamia vijijini, majumbani, kwa bibi na wajukuu. Wakati huohuo magonjwa yaliyokuja na meli yalikuwa yakiwamaliza watu. Sensa ya 1890 ilihesabu wazawa kama 40,000 tu, pamoja na waliochanganya damu. Kila mzee aliyekufa alikwenda na mashairi yake.

Kilichookoa mengi ni kitu ambacho kililetwa na wamisionari haohao: herufi. Wahawaii walijifunza kusoma kwa kasi ya ajabu, na kati ya 1834 na 1948 walichapisha magazeti karibu mia kwa lugha yao wenyewe, kurasa takriban 125,000. Mwaka 1861 lilianza gazeti lililoendeshwa na wazawa wenyewe, na ndani yake kisa cha Hiʻiaka kikatoka kwa mfululizo pamoja na maghani yake. Wasomaji waliandika barua kusahihisha: kwetu mstari huu husemwa hivi. Kalākaua naye, kwenye sherehe ya kutawazwa kwake mwaka 1883, aliirudisha hula uwanjani mbele ya mabalozi na wachungaji walionuna. Hata hivyo sheria ya 1896 iliiondoa lugha ya Kihawaii kama lugha ya kufundishia shuleni, na ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 watoto waliokuwa wakiizungumza vizuri walikuwa wachache mno. Watu kama Mary Kawena Pukui, aliyelelewa na bibi yake huko Kaʻū na baadaye akashiriki kuandika kamusi iliyotoka 1957, na mchezaji ʻIolani Luahine, ndio waliobeba walichobeba mpaka kizazi kipya kikaja kudai urithi wake. Tangu 1971 mji wa Hilo una mashindano makubwa ya hula kila mwaka baada ya Pasaka, usiku mmoja wa hula ya kale, kahiko, na mwingine wa hula ya kisasa, ʻauana. Kabla ya kupanda jukwaani kila kundi huwapelekea majaji maneno ya shairi, tafsiri yake na maelezo ya jinsi walivyolielewa.

Mwenzako wa pili sasa, aliyesema ni mambo ya watalii. Sketi zile kavu za nyasi ulizoziona hazikuwa vazi la Hawaii ya kale. Wazee walivaa kapa, kitambaa cha magome ya mti kilichopondwa. Sketi za majani mabichi ya mmea uitwao ti zilikuja baadaye, na za nyasi zinahusishwa na vibarua wa visiwa vya Gilbert, Kiribati ya leo, waliokuja mwishoni mwa karne ya 19. Ukulele ulitokana na gitaa dogo la Wareno wa Madeira waliofika 1879. Viwanda vya filamu na mahoteli vikachanganya yote, na wakatia kiuno cha kasi cha Tahiti, kinachoitwa ʻōteʻa, wakakiuza kwa jina la hula. Hula ya kweli haina kasi hiyo. Vivyo hivyo haka ni ya Wamāori wa New Zealand, siva ni ya Samoa, na lakalaka, ngoma ya kundi kubwa lililojipanga mistari huku likiimba historia, ni ya Tonga. Wote ni ndugu, wana mababu wamoja, na wote wanamjua Māui aliyevivua visiwa kutoka baharini kwa ndoana. Lakini kila mmoja ana ngoma yake na hataki ichanganywe.

Undugu huo, mwalimu, unafika mpaka karibu na kwako. Mababu wa Wapolinesia, yaani watu wa visiwa hivyo vyote, walitoka pande za Taiwan miaka kama 5,000 iliyopita, wakasambaa kwa mitumbwi yenye mirengu. Tawi moja lilikwenda mashariki mpaka Hawaii na Rapa Nui, Kisiwa cha Pasaka. Tawi jingine la jamaa hiyohiyo lilivuka Bahari ya Hindi likafika Madagaska, na Kimalagasi ni lugha ya ukoo mmoja na Kihawaii. Wataalamu wengi wanaona ngalawa zetu, zenye yale magogo ya pembeni, ni ufundi uliotufikia kutoka kwa mabaharia hao. Wanafunzi wako wakienda ufukweni wanaweza kukuonyesha kwa kidole.

Sasa swali lako la mwisho. Ushauri wangu ni kwamba msicheze kahiko. Maghani ya Pele na ya madhabahu yana wenyewe, yana walimu na ruhusa, na kuyaiga kutoka kwenye simu bila kuelewa neno hata moja ni kuwarudisha Wahawaii kwenye yale waliyofanyiwa na mahoteli. Sketi za nailoni pia acheni. Kama mnataka sana hula, chagueni wimbo mmoja wa ʻauana ambao kumu hula ameufundisha hadharani kwa wageni, jifunzeni maneno yake kabla ya mikono, na kabla ya kucheza mtoto mmoja awatajie wazazi mtunzi ni nani na wimbo unahusu nini.

Lakini ningekuwa mimi, ningewapa kisa cha Hiʻiaka wakitambe kwa njia yetu: msimulizi, kiitikio, ngoma zenu wenyewe, na kutaja wazi kwamba hadithi ni ya Hawaii. Kiko kila kitu ambacho watoto wanakipenda, mijusi, moto, bahari, dada wawili waliokosana. Kwa matamshi hamtapata shida. Irabu ni tano zilezile za Kiswahili na kila silabi inaishia kwa irabu, kwa hiyo someni kama ilivyoandikwa. Alama ile ndogo kama koma iliyogeuzwa, katikati ya Hiʻiaka, ni konsonanti kamili: kata sauti kooni kidogo, kisha endelea. Waanze na majina matatu tu, Pele, Hiʻiaka na Hōpoe, wayatamke mpaka yazoeleke, ndipo uwagawie sehemu.